Miche 2,660 kati ya 3,000 imekufa Masindi, Uganda: turudie kupanda au tufanye nini?

Swali: Habari za kazi, bwana misitu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Masindi na ni mlezi wa kikundi cha vijana 40 wanaojitolea. Wazee wa kijiji walitupa ekari 6 kando ya kijito, kama kilomita 2 kutoka ukingo wa msitu wa Budongo. Zamani palikuwa msitu. Ukakatwa, ukachomwa mkaa, pakalimwa mahindi, kisha pakaachwa. Sasa ni majani marefu na vichaka vya lantana tu. Mwaka jana mwezi wa Oktoba tulipanda miche 3,000: nusu mikaratusi tuliyopewa bure, nusu musizi na mikangazi. Juni hii tumehesabu, imebaki 340. Vijana wamevunjika moyo. Kuna mtu ametuahidi miche mingine 5,000, ya bure pia. Tuipokee? Na tulikosea wapi?

Jibu: Nzuri, mwalimu, na pole sana. Nianze na lile la haraka, maana huyo mtu anasubiri: miche 5,000 msiipokee. Mshukuruni, kisha mumwombe awasaidie kwa njia nyingine, kwa mapanga, mabuti, au chakula cha mchana siku za palizi. Sababu nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa swali lako limegusa jambo linaloniuma tangu nilipoanza kazi hii. Siku za kupanda miti nimezihudhuria nyingi: wageni, fulana mpya, hotuba, picha. Siku za kupalilia nimezihudhuria chache, na huko haji mtu na kamera. Miti inakufa kimyakimya, na mwaka unaofuata watu wanarudi kupanda palepale kwenye mashimo yaleyale.

Kabla ya yote, chukua vijana watatu na jembe, nendeni mfukue miche kumi iliyokufa, sehemu mbalimbali za shamba. Msiing'oe. Ifukueni polepole mpaka ncha ya mzizi, muiweke juu ya gunia, muitazame. Ukiona mzizi mkuu umejizungusha chini kama kamba iliyoviringwa, kosa lilianzia kitaluni: mche ulikaa mno ndani ya kiriba, yaani mfuko wake wa plastiki, mzizi ukafika chini, ukakosa pa kupita, ukageuka. Mche wa namna hiyo huishi vizuri mwezi mmoja, hata miwili, maadamu mvua inanyesha. Jua la Desemba likishika, hauna mzizi wa kufuata maji yaliko. Ukikuta karatasi nyeusi ya kiriba bado imeshika udongo, basi kosa ni la mpandaji, na mara nyingi ni la kijana aliyeachiwa miche mingi jioni wenzake wakiwa wameshachoka. Shina lililokatwa kwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni kazi ya panya au sungura. Lililotafunwa na kuchanika ni la mbuzi. Vijia vya udongo vinavyopanda juu ya gome ni mchwa, nao huupenda zaidi mche wenye kiu. Mkaratusi mchanga wanaupenda kuliko karibu miti yote niijuayo. Na kama shina ni refu, jembamba, limepauka, lina majani mawili matatu kileleni basi, huo mche ulikufa ukitafuta mwanga ndani ya nyasi.

Sijafika shambani kwenu, lakini nikiulizwa ningesema sita au saba kati ya hiyo kumi itakuwa ya aina hii ya mwisho. Mlipanda Oktoba. Huko Masindi mvua kubwa huanza Machi na tena kuanzia Agosti, na ikifika Desemba imekatika mpaka Februari. Mche wa Oktoba hupata wiki chache tu za maji, kisha unakutana na kiangazi kizima ukiwa na mizizi ya urefu wa kiganja. Uliovuka kiangazi ulikutana na mvua za Machi, na Machi ndipo majani yanapoamka. Ndani ya miezi miwili yanakuwa yamemfunika mtu mzima. Nani alikwenda kupalilia mwezi wa Aprili? Hukuniandikia, na naogopa jibu ninalijua.

Majani hayo, kwa maelezo yako, ni mabingobingo, ambayo Waganda huyaita ebisagazi. Ni lazima uyaelewe, maana ndiyo yanayoshikilia ardhi yenu isirudi kuwa msitu. Juu yanaziba mwanga. Chini mizizi yake imeshonana kama mkeka, mbegu ya mti ikianguka haigusi udongo. Kisha Januari yanakauka, mtu anawinda panya au anachoma shamba la jirani, moto unaingia. Mche wa mti unakufa. Mabingobingo yanachipua upya kutoka shinani baada ya wiki mbili, tena yakiwa na majivu ya kuyalisha. Mwaka hadi mwaka mchezo ni huo, na unaweza kuendelea hivyo miaka ishirini bila mti hata mmoja kupita.

Tulijifunza hili kwa gharama huko Kibale, magharibi mwa Uganda. Watu waliokuwa wakilima ndani ya msitu ule waliondolewa mwaka 1992, mwaka uliofuata Kibale ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ukaanza mradi mkubwa wa kurudisha miti ya asili, wa mamlaka ya hifadhi pamoja na wakfu wa FACE wa Uholanzi. Miti ilipandwa mingi. Lakini lililoonekana wazi kadiri miaka ilivyopita ni moto: palipokingwa moto, miti iliota yenyewe hata ambapo hakuna aliyepanda. Moto ulipopenya, kazi ya miaka iliisha mchana mmoja. Kulikuwa pia na misonobari iliyopandwa zamani ndani ya Kibale kwa ajili ya mbao. Watafiti walipoingia chini yake katika miaka ya 1990 walikuta miti ya asili inaota kwa wingi, kwa sababu kivuli cha misonobari kilikuwa kimeshaua nyasi, na ndege na wanyama walipita humo wakiacha mbegu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Adui alikuwa nyasi, na nyasi huuawa na kivuli.

Na hapo kwenu, mwaka 1947, bwana misitu Mwingereza W. J. Eggeling aliandika jinsi Budongo ilivyokuwa ikisogea mbele na kuzimeza nyasi za pembeni. Mti uliotangulia mstari wa mbele ulikuwa musizi. Mikangazi ilifuata chini yake, na muhimbi ukaja baadaye sana. Kwa hiyo mwalimu, msitu mlio nao kilomita 2 tu kutoka shambani unajua njia ya kurudi. Hondohondo anavuka umbali huo akiwa na mbegu ya musizi tumboni bila kuchoka. Popo vilevile, na mbegu za mkuyu.

Ndiyo maana Jumamosi yenu ya kwanza isiwe ya kupanda wala ya kufyeka. Kila kijana aje na vijiti ishirini vilivyofungwa kitambaa chekundu. Jipangeni mstari, mita 2 kati ya mtu na mtu, mpite shamba lote mkitawanya majani kwa mikono. Kila mti wa asili uliojiotea, hata uwe na kimo cha kidole, uchomekewe kijiti. Hayo ni maotea, na ndiyo mali yenu ya kwanza. Nimewahi kuingia mahali palipoonekana nyasi tupu, tukatoka vijiti vimekwisha na kazi haijafika nusu. Mkitanguliza mapanga kabla ya vijiti, mtafyeka msitu uleule mnaotaka kuupanda, na hakuna atakayejua. Mchukueni mzee mmoja anayeijua miti kwa majani yake. Vijana wa mjini wengi hawatofautishi mringaringa mchanga na magugu, si kosa lao.

Tafuteni pia visiki. Tanzania, mkoani Dodoma, wameeneza njia wanayoiita kisiki hai: kisiki kinachochipua kinapunguzwa machipukizi, yanabaki mawili au matatu yenye nguvu, kinalindwa na mifugo, basi. Mvule, mringaringa na nsambya vyote huchipua vizuri baada ya kukatwa. Chipukizi la kisiki lina mizizi ya mti mzima chini yake. Mche wako wa kiriba, hata ukiwa mzuri namna gani, hautalifikia kwa miaka.

Sasa hesabu, na hapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Mtu asiyezoea, kwenye mabingobingo, huweza kupalilia duara la mita moja kuzunguka mche na kuweka matandazo kwa miche 40 hadi 50 asubuhi moja. Hiyo ni kwa uzoefu wangu, na sijaona kikundi cha kujitolea kinachozidi hapo kwa muda mrefu. Wanachama wako ni 40, lakini mwezi wa Mei kuna mitihani, kuna msiba, kuna palizi ya mahindi nyumbani. Watakuja 20. Ishirini mara 50 ni 1,000. Palizi ikiwa asubuhi moja kila mwezi, kikundi chako kina uwezo wa miche 1,000, ya kupandwa na ya maotea ikijumlishwa pamoja. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, miche 1,000 inajaza ekari moja.

Ekari moja, mwalimu. Najua inaonekana ndogo mbele ya wazee waliowapa sita. Mwaka jana mlitawanya miche 3,000 kwenye ekari 6, yaani karibu mita 3 kati ya mche na mche, na kwa nafasi hiyo majani yanabaki na jua miaka minne mitano. Kwa mita 2, pakitunzwa, matawi huanza kugusana mwaka wa pili au wa tatu, kivuli kinafunga, na kazi ya kupalilia inashuka ghafla. Mwaka unaofuata mnahamia ekari ya pili. Katika ekari tano zinazosubiri, fanyeni kazi nyepesi tu: lindeni moto, na yazungushieni palizi yale maotea yenye vijiti vyekundu. Mnaweza kukuta ekari ya tano haihitaji kupandwa kabisa.

Anzeni na ekari iliyo karibu zaidi na msitu, au iliyo na maotea mengi zaidi. Wengi huanza na sehemu iliyoharibika kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayosikitisha. Mimi sikubaliani nao. Kikundi kilichokata tamaa kinahitaji kuona miti imesimama.

Kuhusu palizi yenyewe, mwaka wa kwanza ni kila mwezi wakati wa mvua, mwaka wa pili mara nne, wa tatu mara mbili. Majani mliyokata yatumieni kama matandazo kuzunguka mche, yakae mbali na shina kwa upana wa vidole vinne ili mchwa wasipande. Jambo moja muhimu sana: mabingobingo mabichi yasitandazwe. Pingili zake huota. Niliwahi kumwona kijana mwenye bidii kuliko wote akiwa ameweka matandazo mazuri, mabichi, kwenye miche yake yote. Tuliporudi mwezi uliofuata kila mche wake ulikuwa umezungukwa na duara la mabingobingo mapya. Yaanikeni kwanza juani mpaka yakatike yakikunjwa.

Lakini kabla ya kuyageuza matandazo, ulizeni nani pale kijijini anafuga ng'ombe wa zizini. Mabingobingo ni chakula chao. Wafugaji hutembea mbali kuyatafuta, na ninyi mnayo ekari 6. Waruhusuni wakate na kubeba bure, kwa masharti mawili: ng'ombe wenyewe wasiingie, na vijiti vyekundu visiguswe. Mkipata wafugaji wanne wa kweli, nusu ya kazi ya kufyeka imefanyika na mnapata watu ambao nao hawataki moto uingie, maana utachoma malisho yao.

Lantana ing'oeni na mizizi, kidogokidogo, msiifyeke yote kwa mara moja, hasa kwenye mteremko wa kuelekea kijitoni. Chini ya vichaka vyake mara nyingine utakuta mche wa asili umejificha, umesalimika kwa sababu mbuzi hali lantana.

Sasa miti gani. Kando ya maji kabisa pandeni mkuyu na mkindu, na ile miti mingine mnayoiona imesimama kwenye kingo za vijito ambavyo havijaharibiwa huko jirani. Nendeni mkaviangalie, ndivyo mwalimu wenu. Juu zaidi, theluthi mbili ya miche iwe ya miti inayokua haraka na kutandaza matawi: musizi, mringaringa, nsambya, migavu, kifabakazi. Hii ndiyo askari wa kivuli. Theluthi inayobaki iwe ya miti ya polepole ya aina mbalimbali, mvule na mkangazi ikiwa michache tu ndani yake, nayo ichanganywe katikati ya ile ya haraka, isikae peke yake.

Hilo la kuchanganya nalisema kwa uchungu. Nikiwa kijana kazini nilisimamia upandaji wa mikangazi 600, mistari iliyonyooka, mikangazi mitupu, kwa sababu ilipendeza na kwa sababu mbao zake zina bei. Mwaka wa pili nikaona vilele vinanyauka. Nilikata kilele kimoja nikakipasua kwa kisu: ndani kulikuwa na tundu jembamba lililojaa unga wa kahawia uliochanganyika na utomvu, na mwisho wa tundu kiwavi amelala. Ni mabuu ya nondo mmoja mdogo anayetoboa machipukizi ya jamii ya mkangazi. Akishakula kilele, mti unatoa vilele vitatu vinne badala yake, na hautakuwa mti ulionyooka tena. Kwenye mstari wa mikangazi mitupu nondo huyo anakwenda kutoka mti hadi mti kama mtu anayepita dukani. Mvule nao una mdudu wake, anayefanya majani yavimbe vinundu vya kijani vinavyopasuka na kuoza, na ni shida ileile: mvule mchanga uliopandwa juani peke yake unaugua vibaya, uliochanganywa na wenzake chini ya kivuli chepesi unapona zaidi. Kwa hiyo mikangazi na mivule yenu isizidi michache kwa ekari, na ipandwe mwaka wa pili, wakati musizi umeshaleta kivuli.

Mnaweza kuniuliza, je, musizi si umeitwa mti mbaya? Msomaji wa Tanzania atakuwa amesikia hivyo, na ni kweli kwake. Uliletwa Amani, kwenye milima ya Usambara, ukaenea ndani ya msitu wa asili na kuchukua nafasi ya miti ya pale. Hapa Uganda ni mwenyeji, una wadudu wake, ndege wake na nafasi yake katika mpango wa msitu. Mti wa asili lazima uulizwe wa asili ya wapi. Ni sababu mojawapo ya kutopokea miche ya bure ambayo hamjui ilikotoka.

Pandeni na mutuba. Huu ni ule mti wa nguo za magome, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kitalu. Kata tawi nene kama mkono, lenye urefu wa mita 2, lichimbie nusu mita mwanzoni mwa mvua, nalo litachipua likiwa tayari juu ya majani. Weka kumi kwenye ekari yako, lakini mbali na nyumba. Ndege watatua juu yake kabla haujazaa tunda lolote, na ndege akitua huacha mbegu. Baada ya mwaka mmoja tazama chini ya kila mutuba, utaona maotea yalivyo mengi kuliko kwingineko.

Nimesema mbali na nyumba kwa sababu nzito. Miti ya matunda inaita ndege na popo, na huko kwenu inaita sokwe pia. Katika vijiji vya Hoima na Kagadi, ambako vipande vya msitu vya kando ya mito vimebaki vyembamba sana, sokwe wamewahi kudhuru watoto. Mkuyu na mutuba viwekwe upande wa kijito ulio mbali na makazi na mbali na njia ya watoto kuteka maji. Wazazi waelezwe mapema, na waulizwe wao wanaona wapi panafaa. Msifanye jambo hili kwa siri ati kwa kuwa ni zuri.

Kuhusu kitalu nitapita haraka. Mna miezi ya kutosha: mkianza sasa, miche mingi itakuwa tayari Aprili ijayo. Kusanyeni mbegu ndani ya wilaya yenu, kutoka miti mama isiyopungua ishirini kwa kila aina, iliyoachana. Mbegu za mti mmoja ni ndugu wa tumbo moja, na wakioana baadaye kizazi kinadhoofika. Kuokota ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji ruhusa ya NFA, yaani mamlaka ya taifa ya misitu, ofisi yao iulizeni. Mbegu za mkangazi zinapoteza uhai ndani ya wiki chache, zisiwekwe ndani, zipandwe upesi. Za musizi ni ngumu na huota kwa kusuasua, msikate tamaa mapema. Mkikosa aina fulani, NFA ina kituo cha mbegu za miti huko Namanve, na chuo cha misitu cha Nyabyeya kiko jirani yenu kabisa. Miche ikifika kimo cha goti na kabla mzizi haujageuka, punguzeni maji na kivuli kwa wiki nne ili ikomae. Mche laini uliotoka kivulini moja kwa moja hadi jua la shambani hufa kwa mshtuko.

Siku ya kupanda iwe Aprili, mvua ikiwa imelowesha udongo mpaka kina cha kiwiko. Hapo mche una mpaka Novemba kujijenga. Kila kijana apewe miche 25 na aiandikie jina lake kwenye kigingi. Arobaini mara 25 ni ileile 1,000. Miche 25 ni kitu ambacho kijana anaweza kukijua mmojammoja.

Moto. Mwishoni mwa Novemba, kabla majani hayajakauka, kwangueni ukanda wa mita 5 au 6 kuzunguka shamba lote mpaka udongo uonekane. Kazi hii ni ngumu na ndiyo inayookoa kila kitu, ipewe Jumamosi mbili nzima. Kisha nendeni nyumba kwa nyumba kwa majirani wote wanaopakana nanyi, hasa kama kuna mwenye miwa, mkubaliane kwamba atakayechoma atoe habari siku moja kabla. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awepo makubaliano yakifanyika.

Na ardhi. Umesema wazee waliwapa. Kwa mdomo? Andikeni, mwalimu, mwezi huu. Miti ikiwa midogo hakuna anayeitaka. Mvule ukinenepa atatokea mtoto wa mtu aliyekuwa Kampala siku zote. Karatasi iseme ardhi ni ya nani, miti ni ya nani, nani anaruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka na kuweka mizinga ya nyuki, na kwa muda gani. Ikiwa ardhi ni ya ukoo au ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu wenyewe kuunda chama cha ardhi ya pamoja, na Masindi viko vyama vya namna hiyo vinavyotunza misitu yao. Kumbukeni pia kwamba kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kila upande wa mto wa kawaida. Ndani ya mita hizo pasilimwe. Nje yake, mwaka wa kwanza, mnaweza kuwaruhusu wenye ardhi wapande maharage katikati ya mistari, yale mafupi yasiyotambaa. Mtu akipalilia maharage yake amepalilia na mche wenu, na ana sababu yake mwenyewe ya kuja Jumanne wakati ninyi mko darasani.

Ile mikaratusi iliyobaki, iliyo ndani ya mita 30 za kijito ing'oeni bila huruma, inakunywa maji mengi na haitoi kivuli cha kuua nyasi. Iliyo juu iacheni ifikie ukubwa wa nguzo, muiuze, fedha ziingie kwenye mfuko wa kikundi, na visiki visiachwe kuchipua tena. Mkaratusi siuchukii. Mwenye ardhi akiupanda robo ekari nyuma ya nyumba yake kwa kuni na nguzo, mkono wake hautafika msituni. Kando ya kijito tu ndipo pasipo mahali pake.

Hesabu yenu ya 340 nimeipenda, mwalimu, maana vikundi vingi havihesabu. Endeleeni: chagueni miche 100 iliyotawanyika, ipeni namba, ihesabuni kila Februari, kiangazi kikiwa mwishoni. Ikibaki 70 au zaidi, hamieni ekari ya pili. Ikipungua hapo, msihamie. Fukueni iliyokufa kwanza.

Na ile kumi ya mwaka jana, mkishaifukua, niandikie mlichokiona kwenye mizizi. Ukiweza piga picha ya kila mmoja ikiwa juu ya gunia, na useme ulitoka upande gani wa shamba.